Mama wa chama amekasirika kwa sababu nimemwomba mwanawe vitambulisho

Mshauri mpendwa,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, baba wa watoto wawili, naishi Nakuru upande wa Kiamunyi. Kabla sijarudi nyumbani mwaka wa 2022 nilikuwa Uingereza nikifanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku. Jumapili tukipata nafasi, mimi na wenzangu wa kazini tulikuwa tukienda kucheza easofti. Kwa asiyeujua, ni mchezo ambao watu hugawana pande mbili msituni, kila mmoja na barakoa usoni, mkafyatuliana gololi ndogo za plastiki za milimita 6. Ukigongwa unainua mkono na kutoka. Mke wangu mpaka leo hucheka kwamba nilipanda ndege kwenda kucheza kalongolongo na wazungu.

Niliporudi niliacha vifaa vyangu kwa mpwa wangu, mtoto wa dada, anayeishi Coventry. Ni bunduki mbili ndefu na bastola moja, pamoja na barakoa, betri na kadhalika. Ukiziona hutazitofautisha na za askari: nyeusi, nzito, moja ina chuma. Mpwa wangu hachezi. Yeye yuko huko kwa viza ya kazi, na sasa anahamia chumba kingine ambako wataishi watu wengi. Ameniambia, "Mjomba, vitu vyako vitoke chini ya kitanda changu kabla mwezi haujaisha." Nikaamua kuziuza. Hapa nyumbani nimeanza kijiduka cha vifaa vya ujenzi na pesa haikai mfukoni.

Mnunuzi alipatikana haraka kuliko nilivyotarajia. Katika chama cha mke wangu kuna mama mmoja, mweka hazina, ambaye mumewe yuko Birmingham na mwanawe alienda kumfuata babake. Aliposikia habari zangu alisema kijana wake anazitaka zote kwa pauni 350, na kwamba yeye mwenyewe atanitumia pesa hapa kwa M-Pesa, shilingi zote siku moja. Kijana atapanda treni aende Coventry azichukue kwa mpwa wangu.

Huko Uingereza bunduki za namna hii haziuzwi kwa kila mtu. Mimi nilipokuwa nikinunua dukani nilikuwa na namba ya UKARA, ile rejista ya wachezaji. Kwa hiyo nikamwandikia kijana anitumie namba yake na kitambulisho. Alinitumia picha ya namba, lakini jina lililoandikwa si lake. Nilipomuuliza akasema, "Anko, hiyo ni ya rafiki yangu tunayecheza naye, huku wote tunatumia moja." Kisha akaniuliza kama ile bastola kwenye picha inaonekana ya kweli kabisa, kwa sababu yeye na wenzake wanapiga video ya muziki.

Nikasita. Nikamwambia anipe muda. Siku iliyofuata mamake alimpigia mke wangu simu akiwa amekasirika. "Mtoto wangu mnamdai vitambulisho kama mwizi? Huyu si mlimla kuku wake hapa alipomaliza KCPE ya darasa la nane, ile ya mwisho?" Ni kweli, tulikula. Na mama huyu si mtu wa kupuuzwa. Mama yangu alipolazwa, yeye ndiye aliyezunguka na daftari la mchango mpaka bili ya hospitali ikalipika. Anasema mwanawe ana miaka 19, na kwamba kama simwamini yeye basi niseme.

Mke wangu anasema niachilie, ni vitu vya kuchezea, na pesa inalipwa hapa Kenya kwa hivyo sheria ya huko hainihusu. Kaka yangu anasema kama naona taabu nizitie kwenye pipa la mizigo zije nyumbani, nifungulie vijana mahali pa kuchezea karibu na Menengai. Mimi nimekwama. Je, kumhoji mtoto wa mtu aliyenifaa ni utovu wa shukrani? Na hata nikitaka kuhakikisha, mtu aliye Nakuru atahakikishaje mnunuzi aliye Birmingham?

Baba wa Wawili, Nakuru

MSHAURI ANAJIBU

Kaka wa Kiamunyi,

Kalongolongo ya mke wako imenichekesha, kisha nikarudia barua yako polepole, maana chini ya ucheko kuna watu watano walioshikana mashati bila wenyewe kujua: wewe, mke wako, mweka hazina, kijana wake, na mpwa wako. Nikikuelewa vizuri, hujakwama kwenye sheria. Sheria unaijua kuliko unavyojidai. Umewahi kuwa na namba yako mwenyewe. Umekwama kwenye daftari la mchango. Mtu aliyesimama nawe mzazi wako akiwa hospitalini anakuambia kwamba swali lako ni tusi, na wewe ni mtu unayejua deni.

Nianze na jambo ambalo barua yako imelipita mbio. Watu wote wanaozungumza kuhusu biashara hii wako Nakuru. Pesa itaingia Nakuru. Lakini mkono utakaomkabidhi kijana lile begi mlangoni ni wa mpwa wako, Coventry. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 2006, iliyoanza kutumika kwa mambo haya Oktoba 2007, inamtazama anayeuza bunduki bandia inayofanana na ya kweli. Mnunuzi mtu mzima hakosi kwa kununua. Mzigo wa kujitetea uko kwa muuzaji. Sasa polisi wa huko wakija kuuliza nani aliuza, watamtafuta mtu wa M-Pesa aliye Kiamunyi, au kijana mwenye viza ya kazi aliyefungua mlango? Naye rekodi ya jinai inaweza kumvurugia maombi yake ya viza ya baadaye. Mke wako ana haki ya kusema sheria ya huko iko mbali nanyi. Kwa mpwa wako iko pale pale mtaani.

Sikuambii hivi ili nikutishe. Kuna habari njema ambayo huenda itawapunguzia presha: kwa mtu mzima, kuwa na vitu hivi nyumbani si kosa huko. Mpwa wako hajavunja chochote kwa kuvilaza chini ya kitanda. Kinachokatazwa ni kutembea navyo hadharani bila sababu ya maana, ndiyo maana wachezaji huvifunga ndani ya begi tangu nyumbani hadi uwanjani. Kwa hiyo mwisho wa mwezi ni tarehe ya kuhama chumba, si lazima iwe tarehe ya kuuza. Je, hakuna mmoja wa wale wenzako wa Jumapili anayeweza kukuwekea boksi kwa miezi miwili? Haraka ndiyo imekufanya umwone mnunuzi wa kwanza kuwa mnunuzi pekee.

Sasa tumtazame huyu kijana, bila kumhukumu.

Ile namba ya UKARA si leseni ya serikali. Ni rejista ya chama cha wauzaji, nayo ni njia moja tu, iliyozoeleka, ya kuonyesha kwamba anayeuziwa ni mchezaji kweli. Kuipata lazima mtu acheze angalau mara tatu katika uwanja unaotambuliwa, kwa muda usiopungua miezi miwili, na huisha baada ya mwaka mpaka ihuishwe. Huwekwa kwa jina la mtu na anwani yake. Namba ya rafiki inamtetea rafiki. Haimtetei kijana, na kubwa zaidi, haimtetei aliyemuuzia. Aliposema "wote tunatumia moja" huenda hakudanganya kwa nia mbaya. Vijana huazimana mengi. Lakini maneno hayo yamekuonyesha kwamba dukani angerudishwa, na pengine ndiyo sababu amekuja kwako.

Kisha kuna swali lake. Mchezaji anayenunua bunduki ya mtumba huuliza mambo ya kuchosha: betri inashika chaji, giaboksi, yaani mtambo wa ndani, iliwahi kufunguliwa, inapiga kwa nguvu ya jouli ngapi. Hili la mwisho si la ushabiki tu. Tangu sheria ya 2017, ya kufyatua mfululizo haipaswi kuzidi jouli 1.3, na ya kufyatua moja moja jouli 2.5, na ikizidi hapo inaacha kuwa kifaa cha mchezo mbele ya sheria. Kijana hakuuliza lolote kati ya hayo. Aliuliza kama inaonekana ya kweli. Inawezekana kabisa ni ujana na muziki tu. Utengenezaji wa filamu umo hata katika sababu ambazo sheria inazikubali, lakini muuzaji ndiye atakayetakiwa kuonyesha kwamba hiyo ndiyo sababu, na sioni utakavyolionyesha hilo kwa kundi la marafiki na simu uani. Jirani akichungulia dirishani akaona bastola nyeusi mkononi mwa kijana mweusi Birmingham, atakayefika kwanza ni askari mwenye bunduki ya kweli. Hilo mama yake amelifikiria? Labda hakuna aliyemweleza.

Na hapa niruhusu nikuulize kitu ambacho umekiandika kama mzaha. Kuku wa KCPE. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023. Watoto wengi huufanya wakiwa na miaka 13 au 14. Wapo wanaoufanya wakiwa wakubwa, nimewaona, wengine kwa kukosa karo na wengine kwa kuchelewa kuanza, kwa hiyo simkatalii mama umri wa mwanawe. Yeye ndiye aliyemzaa. Ila wewe umekaa na hesabu hiyo kichwani, na naona ndiyo iliyokufanya usite kabla hata ya lile jina kutolingana. Kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18 bunduki bandia ni kosa huko, hata ikiwa imepakwa rangi ya waridi. Muuzaji anaweza kujitetea kwamba aliamini mnunuzi ametimiza 18, mradi awe na sababu ya maana ya kuamini hivyo. Wewe uliyemla kuku yule, sababu yako itakuwa ipi?

Kuhusu shukrani, nakuomba ulitazame upya neno "tusi". Wewe mwenyewe ulipoingia duka la easofti ukaombwa namba na jina, ulitukanwa? Uliombwa kwa sababu mwenye duka alikuwa akijilinda, ukatoa, ukalipa, ukaenda zako. Mama amesikia "simwamini mwanao" pahali ambapo wewe ulikuwa unasema "namlinda mpwa wangu". Amelisikia hivyo kwa sababu habari ilimfikia kupitia kwa kijana aliyekwisha kukwama. Mpaka sasa hujazungumza naye mwenyewe. Barua yako ina simu ya mama kwa mke wako, na ujumbe wa kijana kwako. Mazungumzo yenu wawili hayamo. Mtu aliyezunguka na daftari kwa ajili ya mama yako anastahili umwendee kwa miguu, ukiwa na mke wako, ukianza na zile asante ambazo pengine hazikusemwa vya kutosha. Halafu umwambie: "Mama, huko mtoto wa dada yangu ndiye atakayeulizwa. Na mwanao pia akikutwa nayo njiani ataulizwa. Nisaidie tusiwatie hawa wawili matatani." Huenda akaendelea kukasirika. Hilo siwezi kukuahidi kwamba halitatokea, na chama kikianza kununa mke wako ndiye atakayeketi katikati yake, kwa hiyo sikiliza pia anachokiogopa yeye.

Umeuliza mtu aliye Nakuru atahakikishaje. Si rahisi, lakini si muujiza. Rejista yenyewe hufunguliwa na maduka yaliyosajiliwa; muuzaji binafsi haingii kuchungulia. Wauzaji binafsi waangalifu huomba jina kamili, kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa, na uthibitisho wa usajili wenye jina hilo hilo na anwani hiyo hiyo. Huomba pia jina la uwanja anaochezea, kisha wao wenyewe huupigia uwanja simu kwa namba waliyoitafuta, si ile waliyopewa. Asiye na UKARA anaweza kuwa na barua ya uwanja wenye bima ya kulipia watu wengine wakidhurika, barua inayoonyesha ni mchezaji wa kweli. Hiyo nayo ina uzito. Wengine huongeza simu ya video mtu akiwa ameshika kitambulisho chake, na mzigo hupelekwa kwenye anwani iliyosajiliwa tu. Nakala za haya yote huwekwa, kwa sababu siku ya swali, kumbukumbu ya mdomo haitoshi. Ila jiulize nani atakayeifanya kazi hiyo. Ukiifanya wewe kwa simu kutoka hapa, mpwa wako bado ndiye mkabidhi; atahitaji kuona karatasi hizo mwenyewe na awe huru kusema hapana mlangoni.

Njia nyingine ni duka. Yapo maduka ya easofti yanayonunua vifaa vilivyotumika, na huko uthibitishaji wa mnunuzi anayefuata unakuwa kazi yao. Hasara yake unaijua kama mfanyabiashara: hutapata pauni 350. Utapata chini, pengine chini sana, na duka lako la Kiamunyi litasikia. Barakoa, betri na chaja si bunduki bandia, hizo mpwa wako anaweza kumuuzia yeyote, hata kijana huyu, na nashangaa kama kumpa barakoa nzuri bila malipo hakungefungua mlango fulani kati yenu. Akitaka mchezo kweli, aanze nayo uwanjani. Wengi hukodisha bunduki siku ya mchezo mpaka miezi yao ya kusajiliwa itimie.

Kuna pia rangi. Sheria haihesabu kuwa ya kufanana na ya kweli ile ambayo sehemu yake kubwa ni nyekundu, chungwa, manjano, kijani, waridi, zambarau au buluu ya kung'aa. Iliyopakwa hivyo yaweza kuuziwa mtu mzima asiye na UKARA. Baba wa kijana yuko Birmingham, ni mtu mzima, na mpaka sasa hakuna aliyemtaja isipokuwa kama anwani. Ingekuwaje yeye ndiye awe mnunuzi, anunue iliyopakwa rangi, kisha aamue mwenyewe kama mwanawe ataitumia wapi? Sheria inapiga marufuku kuuza, haijazungumza hivyo kuhusu zawadi ya mzazi. Lakini tahadhari: "zawadi" ambayo pesa yake imeshaingia M-Pesa ni mauzo yaliyovaa kanzu, na yeyote akiipaka tena nyeusi bila sababu ambayo sheria inaikubali ametenda kosa lake mwenyewe. Isitoshe, rangi ya waridi itaua bei, na sidhani kijana wa video ataifurahia.

Wazo la kaka yako la pipa la mizigo nalielewa, vijana wetu wanahitaji pa kuchezea. Ila Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hailali. Inatazama hata bunduki za hewa, na bastola bandia ikitumika vibaya inamtia mtu kizimbani vilevile. Kabla kitu hakijapakiwa Coventry, Bodi ya Leseni za Silaha iulizwe kwa maandishi, na jibu liwe mkononi kwa maandishi. Ukiliacha hilo likajulikane bandarini, pipa litakuwa na jina lako, pamoja na blanketi na sufuria zozote zitakazokuwa ndani.

Sitakuambia umuuzie au usimuuzie. Yawezekana kijana akatimiza yote, ana 19 kamili, akajisajili kwa jina lake na mkacheka mwaka ujao. Yawezekana pia ukagundua kwamba pauni 350 zilikuwa na gharama usiyotaka mtu mwingine akulipie. Kabla hujamwendea mama wa chama, kuna simu moja ambayo barua yako haionyeshi kwamba umeipiga. Mpwa wako amekuambia vitu vitoke, lakini hakuna aliyemuuliza kama yuko radhi kuwa muuzaji. Mpigie akitoka zamu, usimwambie umefikia wapi na mnunuzi, umuulize kwanza yeye anaogopa nini.